Pambizoni

Nimekinunua kwa Nshimba, nyuma ya stesheni ya Tabora,
kitabu kisicho jalada, elfu mbili,
akanipunguzia mia tano kwa ajili ya mchwa.
Kinasimulia mabenki ya mbali, madeni ya mataifa,
na uhuru ule unaokuachia
uchague mlango, nyumba ikiwa ya mwingine.

Mwandishi ana hasira iliyosoma. Nampenda.
Lakini pambizoni yumo mtu wa penseli,
karani wa chama cha msingi, Sikonge, nadhani,
maana humjibu kwa hesabu:

Tumbaku, kilo mia nne na kumi na mbili.
Toa mbolea. Toa dawa, toa kamba.
Toa riba ya mbolea.
Toa daraja, mnunuzi kaona madoa.
Baki
na hapo penseli imevunjika,
kaendelea kwa ukucha.

Ukurasa wa tisini kaandika kwa herufi kubwa:
KITANDA HAKUKILALIA,
ILA KUNGUNI KAWAHESABU VYEMA.

Sura ya soko linalojirekebisha lenyewe haipo.
Imechanwa taratibu, vipande vyembamba.
Nshimba kacheka: hiyo walisokotea sigara.
Sina rufaa.

Usiku Cheyo hakuna umeme.
Nasoma kwa tochi ya simu,
simu yenyewe ya mkopo, kila siku elfu moja,
nisipolipa kabla ya saa sita inajifunga
na mwanga wake.

Saa tano na dakika hamsini.
Natafuta penseli gizani.
Chini ya neno Baki, kwenye alama za ukucha,
naandika: toa simu.