Pamba Anachimba Jiwe

Nilimnunua Kirumba, ndani ya boksi la sabuni.
Muuzaji akaapa kwa jina la mama yake:
dume huyu, mpole, hajui kung'ata.
Alikuwa mdogo kama ndala ya mtoto,
masikio hayajajua kusimama.
Sungwa, mwana wa dada yangu, akamwita Pamba,
akamtia ndani ya sweta la shule,
wakalala hivyo, mvua ikipiga bati.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa mgeni.
Ukimshika, ameshikika. Ukimlaza chali, amelala.
Alikula matembele mkononi
mpaka ndevu zikakutekenya vidole.
Majirani walipanda mawe kuja kumwona,
maana huku Igogo juu hakuna ngazi,
na mimi nikasema kwa majivuno ya mjinga:
mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwezi wa nne, nani huyu?
Aliamka Jumanne moja na mguu mzito.
Du! kwa kuwa nimefagia.
Du! kwa kuwa nimesogeza bakuli lake
upana wa kiganja.
Sungwa akinyoosha mkono, ananguruma
(nani alimfundisha sungura kunguruma?)
na ngumi mbili za mbele, chap chap, kama bondia.
Akakata waya wa redio katikati ya taarifa ya habari.
Akatafuna pindo la gauni la bibi harusi wa Nyegezi;
nikalipunguza, nikasema ndio mtindo.
Kisha akachimba. Nyuma ya mlango
udongo ukaruka kidogo, halafu kwaru, kwaru:
jiwe.
Mwanza ukichimba unakuta jiwe.
Akahamia pembeni. Jiwe. Chini ya mtungi. Jiwe.
Hakukubali. Na mimi, nikikanyaga cherehani,
nikajikuta namhesabia.

"Hanipendi tena," alisema Sungwa,
akinionyesha kidole chenye nukta mbili nyekundu.
Nikamwambia hapana. Sikuwa na kingine.
Lushinge wa mifugo, aliyekuja kuchanja mbwa wa jirani,
alimgeuza mara moja, akacheka hadi kofia ikaanguka:
"Dume gani, mama? Huyu mwali.
Damu imemchemka.
Na msimshike kutokea juu;
kwake yeye, kinachotoka juu ni mwewe."

Halafu usiku mmoja wa Novemba
nilimkuta amebeba majani mdomoni, fungu zima, kama masharubu.
Alikwenda kwenye kikapu cha vitambaa, chini ya meza,
akarudi, akabeba tena: uzi wa zambarau,
pindo la kanga, kipande cha kola.
Kisha akainama, akajinyofoa manyoya ya kifua
kwa meno yake mwenyewe
hadi ngozi ikaonekana.
Akatandika. Akafunika.
Hakuwa amekutana na dume yeyote.
Hakukuwa na mtoto ndani yake.
Siku tatu alilinda kitanda kitupu,
na aliyekaribia aliona meno.

Sikumwambia Sungwa kitu.
Mimi pia niliwahi kufuma soksi
za kuingia kidole gumba tu.
Mara mbili. Ziko kwenye kopo la biskuti.

Siku ya nne alitoka, akala matembele,
hakugeuka nyuma.
Mimi ndiye sikukifagia kile kitanda
mpaka wiki ya pili.

Sasa ana miaka miwili.
Hashikwi; hilo limekwisha, tusidanganyane.
Ukimnyanyua, unapata teke.
Lakini jioni, Sungwa akisoma sakafuni,
anakuja mwenyewe, kwa hesabu zake,
anajibwaga ubavu, pu! kama gunia la pumba,
anaingiza kichwa chini ya mkono wa kijana.
Ukiacha kumkuna, anakusukuma kwa pua.

Na juzi Sungwa, ambaye sauti yake
imeanza kukwaruza kama kucha kwenye jiwe,
alifunga mlango wa chumba.
Du!
Nilikuwa nimehamisha daftari lake,
upana wa kiganja.
Sikubisha. Nilikaa chini palepale,
nikaweka sahani ya viazi karibu na kizingiti,
nikaondoa mkono.