Chini ya Vistari Vitatu

Mizani ya ghala letu la baridi, hapa Košice,
ilipima kuku vizuri tu
hadi kipimajoto kilipogusa sifuri, kikapita.
Hasi moja. Na mizani, bila haya,
ikaisoma mia mbili hamsini na tano,
ikaona tanuri mahali penye barafu,
ikagoma.

Msimamizi akaipiga kofi. Akaizima, akaiwasha.
Mimi nikakaa juu ya kreti, kompyuta mapajani,
glavu zimekatwa vidole,
nikaisoma programu yake mstari kwa mstari
mpaka nikalikuta: neno moja lililosahau
kwamba namba nayo huweza kushuka chini ya sakafu.

Nikashona kiraka.
Mstari mmoja wa kutoa, mmoja wa kujumlisha.
Nikakituma kwa barua pepe hadi Mérida, Meksiko,
kwa Eleuterio Uc, mtunzaji wa programu,
ambaye uso wake siujui hata leo.

Kikarudi.
"Barua yako imekunja mistari.
Kiraka kilichokunjwa hakibandikiki."
Kweli. Nikakinyoosha. Toleo la pili.
Kikarudi.
"Umepanga upya na mabano ya faili zima.
Mambo mawili, barua mbili."

Mama yangu Margita alitia viraka
ovaroli za watu wa kiwanda cha chuma
miaka thelathini na mmoja. Alikuwa akiniambia:
umeletewa goti, shona goti.
Mfuko una tundu? Mwenyewe atauleta.
Nikacheka peke yangu ghalani, pumzi ikitoka moshi.
Mabano nikayaacha yalivyokuwa.

Toleo la tatu. Siku tisa, kimya.
Kisha swali, na halikuwa na ukali:
"Hebu nieleze. Joto la chumba linakuwaje hasi?"

Swali lile nililala nalo.
Aliyeandika neno lile miaka kumi na minne nyuma,
feni ikimpepea, jasho likidondoka kwenye vitufe,
hakuwa mzembe. Aliandika dunia aliyoijua,
na dunia ile haikuwa na alama ya kutoa.

Desturi ya kazi hii ni kwamba
juu unaeleza sababu, unatia jina lako kamili,
kisha unapiga vistari vitatu;
na utakachoandika chini ya vistari hivyo
mwenzako atakisoma, historia haitakitunza.
Kiraka kikipokelewa, maneno yale hudondoka
kama nyuzi zilizozidi, chini ya cherehani.

Juu nikaandika:
Joto lililo chini ya sifuri lisomwe na alama yake.
Blažena Hudáková.

Chini nikaandika:
Leo asubuhi nje ni hasi kumi na saba.
Kope zinagandana. Mto Hornád umenyamaza.
Samahani kwa kuchelewa, mama ameteleza uani,
nyonga, nimekuwa nikilala hospitali kitini.
Sijui ukisikia neno barafu unaona nini.

Jibu likaja, usiku kwao, alfajiri kwetu.
"Kimepokelewa. Asante."
Mstari mtupu. Kisha:
"Naona ndoo ya bia, harusi ya dada yangu.
Mpe mama pole. Atembee na chumvi mfukoni,
nimesoma mahali kwamba inayeyusha."

Ukienda kutazama leo utakuta
mstari uliotoka, mstari ulioingia,
jina langu, jina lake, tarehe na saa.
Mizani inapima kuku kwenye hasi tisa, hailalamiki.
Ndoo haimo. Chumvi haimo. Nyonga ya mama haimo.

Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani
nilitaka kumtia kifuko cha chumvi kwenye koti,
kumbe mfuko una tundu.
Akaninyang'anya koti, akaomba sindano.
Alipomaliza kukata uzi kwa meno
ndipo akauliza chumvi ni ya nini.