Kipimo cha Kiganja

Bwana Mpangala hakuniuliza nina shilingi ngapi.
"Lete mkono," alisema,
akaulaza juu ya kioo cha kaunta, kiganja kikitazama feni,
akapima kidole cha shahada kwa kipande cha kalamu
kama fundi anayepima bega kabla ya kugusa kitambaa.

Kibali kilikuwa kwenye bahasha ya kaki:
mihuri ya mtaa, ya kata, ya polisi,
miezi saba ya "njoo Alhamisi, mkubwa katoka."
Miezi saba ya kufunga duka la mchele Manzese
jua likiwa bado juu ya mabati,
wateja wakigonga, nami nimo ndani, kimya, kama mdaiwa.

Nilichagua kwa macho. Ile ndogo kuliko zote,
nyeusi, bapa, ya kulala ndani ya pochi
kati ya kitana na kitambulisho.
"Hii. Si ndiyo ya kike?"
Mzee akacheka kwa pua.
"Mama Mchele, bastola haina jinsia.
Ina uzito tu. Na nyepesi ndiyo yenye hasira.
Moto ni uleule; ukipungua mwili wa kuubeba,
teke linalobaki ni lako."

Sikumwamini. Muuzaji gani asifiaye ghali kwa nia njema?
Mimi mwenyewe nimeuza chenga nikaiita supa.

Jumamosi akatupeleka Pugu, kwenye shimo la machimbo ya zamani,
mimi na kijana mmoja mwenye duka la kubadilisha fedha
aliyekuja na miwani ya jua na maneno mengi.
Vizibo masikioni. Kidole nje ya kifyatulio
mpaka macho yakubali.
Mtutu usitazame usichotaka kukizika.
Ile ndogo nikaishika kwa vidole viwili na nusu,
kidole cha mwisho hakina pa kukaa, kama mgeni wa ziada mkekani.
Ikaruka. Ikaniuma hapa, kwenye utando wa gumba,
na karatasi mbele yangu ikabaki nzima,
safi kama daftari la mtoto siku ya kufungua shule.

Mara ya tatu, mikono ikitetemeka, ndipo nikamwona tena
yule wa usiku wa kuhesabu mali.
Kofia ya sufu, joto lote lile.
Mkono mmoja, umenyooka, unatetemeka.
Na mkononi kitu kidogo, bapa, cheusi.
Alinilenga mimi. Akampata Shomari,
hatua nne kulia, aliyeinama kufunga gunia.
Miaka miwili nimesema ni Mungu.
Labda. Lakini pale shimoni
nilielewa pia kazi ya kitako kifupi.

"Jaribu ya kati," alisema Mpangala.
Nikaipokea. "Robo tatu kilo na kidogo,"
nikasema kabla hajafungua mdomo,
maana mkono huu umepima mchele miaka ishirini na sita
na mzani wa serikali haujaubishia.
Ikajaa. Kidole cha mwisho kikapata kitanda.
Teke likaja, likapita begani, likaenda zake.
Matundu matano, mawili yakiwa yamekumbatiana.
Kijana wa fedha akavua miwani.

Nikalipia ile. Nikalipia na sanduku la chuma, funguo mbili,
ambalo sikuwa nimelipangia hela.
Shomari ameiona mara moja tu.
Akaitazama, akasugua paja,
akaendelea kushona gunia.

Na jana Aikande, mjukuu wangu, miaka mitano,
alikuja mbio kutoka shule, hata shikamoo hakuna,
akatumbukiza mkono pochini mpaka kiwiko,
akipapasa, ulimi nje, akitafuta bigijii.
Nilijua hamna kitu mle. Nilifunga mwenyewe,
funguo ziko shingoni, zinanikwaruza.
Bado nilishikilia kaunta
mpaka mkono wake ulipotoka.