Jina la Frumet

Mama aliandikia jikoni,
si kwa kupapenda; ndipo palipokuwa na taa nzima.
Winnipeg, kaskazini mwa reli, theluji imekaba dirisha,
naye karudi kutoka kiwanda cha vifungo, vidole vikinuka bati,
asukume kando maganda ya viazi,
aweke karatasi palepale yalipokuwa.

Kitabu cha kwanza kilimla miaka sita.
Kuna majira ya baridi aliyoyamaliza akiuliza jambo moja:
daraja la Zabrodye lilikuwa la mbao au la mawe?
Akawaandikia waliotawanyika, Montreal, Buenos Aires, Haifa,
waliolivuka wakiwa watoto, mwaka ule wa moto.
Mmoja akajibu: mbao.
Mwingine: mawe, naapa.
Wa tatu, Zusman Okun, akajibu kwa Kiyidi, mwandiko ukitetemeka:
*Daraja silikumbuki. Baba alinibeba mgongoni,
na shingo yake ilinukia sabuni.*
Mama akafuta daraja. Akaandika shingo.

Kisha ikaja barua ya Toronto, karatasi nene, maneno membamba:
hadithi tumeipenda, Bibi Lemberger, ila
Frumet ni jina zito kwa ulimi wa mtoto.
Tukimwita Betty je?

Tulidaiwa makaa. Baba alikuwa amelazwa, mapafu.
Mama akatia sahihi.
Usiku ule hakuvua koti. Akakaa mbele ya jiko lililozimika, akasema,
kana kwamba mimi ndiye niliyemuuliza:
"Nimemvusha mipaka mitatu na jina lake.
Nimekuja kuliacha kwenye meza ya forodha ya mwisho,
kwa dola mia mbili."

Vikafuata vingine, kumi na kimoja kwa jumla.
Fundi viatu wa Vilna, mapacha wa melini, mvulana aliyeficha fidla kwenye pipa la kabichi.
Wachoraji walipenda mishumaa:
kila jalada msichana, kitambaa kichwani, mshumaa mkononi,
na mama akigomba, "Mshumaa uko ukurasa gani? Nionyeshe!
Nimeandika kibatari. Kibatari!"
Tuzo moja alipata, sahani ya kioo yenye jina lake.
Tuliiwekea vitunguu.

Shuleni alikwenda na mkoba wa ngozi, ndani yake kijiko cha mbao cha bibi yake.
Watoto wakishike, wakinuse, wakipitishe.
Walimuuliza kama Betty alikuwa na mbwa.
Walimuuliza ana miaka mingapi, na kama ni tajiri.
Siku moja, huko Brandon, mvulana wa dawati la nyuma akauliza:
kwa nini walizichoma zile nyumba?
Mwalimu akakohoa, akatazama saa.
Mama akasimama kimya, hata kijiko kikamaliza mzunguko kikamrudia.
"Sijui," akasema. "Hiki ni kitabu changu cha tisa nikiuliza."

Mwaka wa tisini na nane wakataka kukichapa upya.
Mama sasa anasoma kwa lenzi, fimbo imeegemea jokofu lenye picha za wajukuu.
Akaomba kitu kimoja tu.
Mhariri mpya, sauti changa kwenye simu, akacheka kwa furaha:
"Frumet! Jina zuri hilo. Bila shaka."
Basi. Hakuna hata aliyebisha.
Mama akarudisha simu mahali pake, akalia kwa hasira.
Miaka thelathini na mitano akiupigia mlango magoti,
kumbe ulikuwa wa kusukuma tu.

Kitabu kilipofika akakipitia kwa kidole, mstari kwa mstari,
akitamka kila alipomkuta, Frumet, Frumet,
kama anayewaita watoto waingie ndani giza lisije likawakuta nje.
Ukurasa wa themanini na nane kidole kikasita.
Pale, katikati ya supu na ugomvi wa shangazi,
kompyuta imempita mmoja: *Betty akainua bakuli lake.*

Nikanyanyua simu niwapigie.
Akanishika mkono.
"Mwache," akasema. "Ale kwanza.
Naye kakaa nasi siku nyingi, maskini,
na hilo jina hakuliomba."