Kabla Hujaketi Kwenye Kile Kiti

Shemeji Bwanaadi,
nasikia umeshavunja kibubu
na unaulizia nauli ya basi la Malindi.
Ngoja kwanza. Nina jambo kinywani,
na safari hii si neno, ni skrubu.

Unaijua kazi yangu: mawe na chokaa,
nyumba za Mkomani zinazotaka kuinama.
Boriti haitiwi kwenye ukuta uliooza.
Mimi hugonga kwanza kwa kifundo cha kidole,
husikiliza kama mawe yamekamatana,
ndipo nikatoboa.

Basi Daktari Dama naye aligonga.
Alinipiga picha ya taya, akaiweka kwenye mwanga,
kule ghorofani, juu ya duka la vitambaa,
akanionyesha palipobonyea:
miaka kumi na mmoja
tangu mkate wa mofa uliponing'oa jino la mbele,
na mfupa uliokosa kazi
ulikuwa ukijila kimyakimya,
kama ukuta wa nyumba isiyo mtu.
"Hapa hapashiki," akasema. "Tutaongeza mfupa."

Nilidhani ni asubuhi moja:
naketi na pengo, nasimama na jino,
narudi na basi la jioni.
Jino la namna hii, shemeji, ni chokaa.
Ukiliharakisha, mvua ya kwanza itakucheka.
Mfupa uongezwe, ungoje. Skrubu ipandwe, ungoje tena,
mpaka mfupa ukikumbatie chuma kile kama nduguye.
Ndipo lije jino lenyewe, la kuonekana.

Akaniuliza sukari. Nikasema sina.
Akaniuliza tena,
kwa sauti ya mama anayejua nani kala halua.
Nikakubali: ninayo, na vidonge huvinywa
siku ninazovikumbuka.
Akaniuliza tambuu. Nikafunga kinywa,
lakini midomo yangu myekundu ilishajibu.
Alinirudisha Lamu bila kunigusa!
Miezi minne nikashusha sukari,
nikaaga tambuu, na machozi yalinitoka, usicheke.

Kwa hiyo usimfiche. Mtajie kila kidonge,
hata vile vya damu
unavyovificha chini ya mswala.
Na wewe mwulize: umepanda mangapi?
Mangapi yalikataa?
Likikataa langu, nani atalipa?
Dama hakukasirika.
Aliyahesabu yaliyokataa, kwa vidole, polepole,
na hapo ndipo nilipomwamini.

Maumivu? Sindano inauma, kisha hamna kitu.
Ila kile kishindo cha kutoboa
unakisikia ndani ya fuvu lako mwenyewe.
Mimi niliyetoboa kuta miaka thelathini
nilijua siku ile ukuta husikia nini.

Tena usinifuate kwa urembo.
Pengo lako liko nyuma, halionekani hata ukicheka;
labda jino la kuvaa na kuvua linakutosha.
Uliza na hilo.
Mimi, Alhamisi usiku, nikimsomea mama Yasini,
dhali na thaa zilikuwa zikinitoroka na upepo,
na mama, asiyeona tena, akinirekebisha
karibu kila aya,
mtu mzima wa miaka hamsini na saba.

Hadi leo jino sina. Skrubu iko chini ya ufizi,
wiki ya tisa; ulimi huenda kuichungulia usiku.
Napiga mswaki kama asuguaye birika la msikiti,
maana daktari kaniambia mapema:
chuma hakiozi,
lakini ufizi unaokizunguka ni wangu, na ni nyama.
Nitakuwa nikipanda ile ngazi kukaguliwa
maisha yangu yote.

Bei? Ni punda wawili wazima
na wa tatu kilema.
Dada yako anajua wa kwanza tu.