Alhamisi Uzio Huzimwa

Hapa Funningur mawingu hayaondoki, hubadilishana zamu tu.
Mwaka jana nilihesabu usiku wenye nyota: kumi na tisa,
na katika hizo, saba nilikuwa kiwandani
nikifunga kompresa za majokofu ya samaki.
Basi darubini nikaiuza. Nikajitengenezea sikio.

Ni pembe tu, si kitu cha kujivunia:
mbao za povu zilizobaki tulipoziba paa,
karatasi ya jikoni ing'aayo, gundi,
na kopo la rangi nililolisugua siku mbili
(bado linanuka, Sunnvør ana haki ya kulalamika).
Lakini haidrojeni haijali harufu.
Hunong'ona kwenye wimbi la sentimita ishirini na moja,
hupenya wingu, hupenya ukungu,
na kwenye kioo cha kompyuta huinuka
kama blanketi lililofunika mtoto anayejificha.
Hiyo ndiyo galaksi. Kila usiku ipo.
Haijawahi kunisalimu.

Mimi sitafuti watu wenye vichwa vya yai.
Sitafuti hekima, wala dawa ya saratani, wala onyo.
Nataka kikohozi tu.
Kama vile umelala nyumba ya wageni, chumba baridi,
ukasikia ng'ambo ya ukuta mtu amekohoa mara moja,
ukageukia ubavu wa pili,
usingizi ukaja.

Februari kitu kilikuja.
Tiki. Tiki. Tiki.
Sekunde moja na robo baina ya tiki na tiki,
bila kuchoka, bila kukosea.
Siku kumi na moja sikumwambia mtu.
Daftarini niliandika *labda*, nikaifuta, nikaandika *la*,
nikaona kumbe *la* imo ndani ya *labda* tangu mwanzo,
nikaziacha zote mbili.
Nilinyoa ndevu. Sijui kwa nini.
Mtu hutaka akutwe nadhifu.

Usiku wa kumi na mbili niliinamisha pembe ikatazama mlima,
na sauti ikapanda.
Ulikuwa uzio wa umeme wa Heðin,
waya unaozuia kondoo wake wasishukie viazi vyetu.

Nilikwenda nimevimba. Nikabisha mlango kwa ngumi.
Kimya.
Kisha, ndani, mtu akakohoa.
Alifungua ana soksi mguu mmoja, akaniuliza leo siku gani.
Jumanne, nikasema.
Yeye alidhani Jumapili, na kwamba ndiyo maana
hapakuwa na mtu aliyepita.
Tulikunywa kahawa nyeusi kama grisi.
Nikamweleza haidrojeni, akasikiliza mpaka mwisho,
akauliza swali moja tu:
"Na wakija, nani atawatandikia kitanda?"
Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina.

Tukakubaliana: Alhamisi anazima.
Kwa hiyo Alhamisi kondoo hushuka,
Sunnvør huwakimbiza kwa ufagio
akiniita mimi na nyota zangu
kwa majina yasiyo kwenye ramani yoyote.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo.
Lakini nuru ninayoielekezea kopo la rangi
iliondoka kwao kabla Heðin hajazaliwa.
Yawezekana mwenyewe hayupo tena, na lake ndiyo kwanza linafika,
linagonga karatasi ya jikoni,
linamkuta fundi wa majokofu amesinzia.
Miaka sita ya kimya nimeihifadhi kwenye diski mbili.
Siwezi kuifuta. Huenda nimesikia vibaya.

Saa nne usiku Heðin huja, huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
koti lake lina harufu ya sufu mbichi.
Blanketi lile lile huinuka kwenye kioo.
"Kuna mtu?"
"Bado."
Anakohoa.
Nachukua kalamu, naandika saa na dakika.