Tairi za Mbele

Gari ya Ussi haitaki miguu minene mbele.
Nguvu iko nyuma. Mbele ni kama kidole cha karani:
kinaonyesha, hakibebi.

Basi Jumanne tumekwenda Saateni na elfu arobaini
niliyoikunja mara nne ndani ya kofia.
Dukani, tairi mpya, wametutajia laki na ishirini,
kila moja. Ussi kacheka mpaka kakaa chini.

"Chukueni za akiba," kasema Machano,
"zile nyembamba za kwenye buti za Vitz.
Hazijawahi kuona jua."
Kazivuta tano chini ya milango na redieta,
zina vumbi la Japani bado, na ubavuni limechongwa onyo:
usizidi themanini.

Themanini!
Sisi tunataka mia na arobaini
kabla ya nguzo ya saba, njia ya Fumba.

Nimezipima kwa futi ya kushonea ya mke wangu.
Moja imeizidi mwenziwe kwa upana wa kucha. Nimeirudisha.
Nyingine ina ufa, unywele tu. Nimeirudisha.
Nimebonyeza, nimenusa,
nimeuliza mwaka wa kuzaliwa kama naposa.
Machano kanuna.

Mbili zimelingana. Thelathini na nane.
Elfu mbili iliyobaki, urojo, bakuli moja, vijiko viwili.

Nyumbani mwanangu kaziona mlangoni,
kakimbilia fimbo.
Nami nimekaa na brashi na sabuni
nasugua lile onyo.
Halitoki.